Udongo Unaochemka kwa Siki

Mwanangu Rukia,

Uko chini kwa Mama Nuru unaaga, nami naisikia sauti yako ikipanda ngazi, unamwonyesha viatu vipya. Baba yako ametoka kuchukua tiketi za basi. Nimebaki peke yangu jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, karatasi iko pajani na sufuria iko motoni. Usiniulize kuna nini ndani ya sufuria. Nitakuambia huko mbele.

Naogopa. Nimeona nianze na hilo, maana kwa muda mrefu nimelizungushia maneno mengine. Nimesema nimechoka, nimesema kichwa kinauma, nimesema ni joto la Jeddah. Ilikuwa hofu tu, na wewe ulijua.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala sala, wala namna ya kuwaamkia wauguzi wenzake na mama yako pale Shumaisi, hospitalini kwao Riyadh. Hayo atakuambia mwenyewe, na atayasema vizuri kuliko mimi. Nataka nikuandikie habari za muhogo wetu, maana sisi wawili tumeuzungumza kwa kunong'ona tu, na jambo likinong'onwa kwa muda mrefu linakua kuliko lilivyo. Najua kusoma Kiswahili kunakupa taabu. Soma polepole. Neno likikushinda, muulize mama. Muulize kwa sauti.

Jana, ulipokuwa unakunja nguo zako, uliniuliza, "Mamdogo, utanipa kijiti kimoja nikapande kwa mama?"

Nikajifanya sikusikia. Nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nawe hukurudia swali. Siku hizi hurudii swali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Barua hii ni jibu lako.

Ulipokuwa mdogo zaidi uliwahi kuniuliza kwa nini unaniita mama wakati mama unaye. Kwetu Muheza hakuna anayeuliza. Mdogo wa mama ni mama, basi. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, na mama yako akasema njoo unisaidie na Rukia. Wakala akatengeneza karatasi, akaniongezea miaka kwenye pasi ili nikubalike. Kwenye ikama yangu, hicho kibali cha kukaa huku, mimi ni mfanyakazi wa ndani na baba yako ndiye kafili wangu, mdhamini. Tulicheka siku ile, eti shemeji amekuwa bosi. Mimi sikucheka sana. Nilijua kwamba kuanzia siku ile kosa langu lolote litaandikwa kwa jina lake.

Halafu mama yako akahamishiwa hospitali ya Riyadh, na makazi yao wakati ule hayakupokea watoto. Baba yako hulala kambini, kwenye mitambo ya maji, huja mwisho wa wiki tu. Na akija, mimi hushuka kulala kwa Mama Nuru, kwa heshima. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa mimi na wewe. Msichana aliyetoka shule juzi, na mtoto.

Unajua nilivyo. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono hata nilipokuwa na jibu. Hapa ikawa mbaya zaidi, maana Kiarabu changu kinachechemea na chako kinakimbia. Dukani nilikuwa nakuinamia sikioni, nasema, "Mwambie vitunguu, si vile, vile vidogo," nawe unapaza sauti mpaka muuzaji anatabasamu. Simu ikilia nilikupa wewe. Mtu akibisha hodi nilikusukuma mbele. Ulikuwa mdomo wangu. Niliona ni jambo zuri, nikakusifu. Sikujua kwamba mtoto akiufanya mdomo wake kuwa wa mtu mzima, hofu ya yule mtu mzima nayo hupitia humo humo.

Sasa muhogo. Mama yako alikuwa akilalamika simuni kwamba nchi hii ina kila kitu, ila kisamvu. Akisema hivyo sauti yake inakuwa ya mtu mwenye homa. Ndipo Bi Mwanakheri wa kwetu alipokuja umra, akafungua kanga mbele yetu, ndani kuna vijiti vya muhogo. Ulidhani ni kuni. Ulimwuliza, "Bibi, kwenu hakuna gesi?" Alicheka mpaka akashika ubavu.

Tulivipanda juu ya paa, kwenye ndoo za rangi, nyuma ya matangi ya maji, mahali ambapo hakuna anayefika ila fundi wa dishi. Tukakubaliana hatumwambii mama. Akija likizo atakuta sahani mezani. Wakati ule siri ilikuwa tamu.

Vilichipua haraka. Unakumbuka ulivyokuwa unapanda kila ukitoka shule, hata hujavua sare? Kisha majani mapya yakaanza kutoka na rangi isiyo yake. Ya chini yalikuwa ya kijani, yameshiba. Ya juu kabisa, yale machanga, yalikuwa ya njano, na mishipa yake tu ndiyo iliyobaki kijani, kama mtu amechora mito kwenye karatasi ya njano. Ulisema ni mazuri. Nami moyoni nilijua jani zuri namna hiyo ni jani linaloumwa.

Nikafanya alivyokuwa akifanya bibi yako. Bibi humwagia mihogo majivu, humwagia migomba majivu, na shamba lake linang'aa. Nikakusanya majivu ya chetezo. Nikaomba ya Mama Nuru. Nikakutuma kwa yule mchoma nyama wa kona, ukarudi na mfuko mzima na uso mweusi. Tukamwaga. Njano ikazidi. Nikasema hayajatosha, tukaongeza. Nikasema ni kiu, nikamwagilia asubuhi na jioni, kingo za majani zikaungua, chumvi ikabaki nyeupe kwenye midomo ya ndoo. Nilikuwa kama mtu anayemlisha mgonjwa pilipili na kumuuliza kwa nini analia.

Ningeuliza mapema. Lakini kuuliza ni kusema na mtu.

Siku tuliyokwenda kwenye duka la miche nilijiona shujaa. Nilichuma jani moja la njano, nikalikunja kwenye karatasi laini, nikalitia mkobani, nikavaa abaya, tukatoka. Tulipita mtaa wetu wote wa Ghulail nalo. Tulisimama kununua juisi. Mpaka leo nalikumbuka lile jani lilivyokuwa limelala karibu na ikama yangu.

Muuza miche, yule Mmisri wa miwani, alikupokea kwa mzaha. Wewe ukamweleza kwamba mmea wetu unaumwa. Mimi nikafunua karatasi. Vile vidole saba vya jani vikajitandaza mezani kwake.

Akanitazama mimi, akakutazama wewe. Akakuuliza kwa sauti ya chini umelitoa wapi. Nawe, mwanangu, kwa ule mdomo wako mzuri, ukamwambia tunapanda juu ya paa, Ghulail, nyumba iliyo nyuma ya duka la mikate. Ukamwambia viko vingi.

Mteja mmoja aliyevaa kanzu nyeupe akasogea, akauliza kuna nini hapo. Mmisri akalifumbata jani, akalitia mfukoni. "Mafi, hakuna kitu. Halas, basi, ni bamia tu, imekufa." Kisha akatuambia, "Yalla, yalla, nendeni nyumbani." Hakutuuzia kitu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi, mjinga, nikadhani mzee ana kisukari.

Aliyenifumbua macho ni Mama Nuru. Alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, pini ziko mdomoni, nikamsimulia kama kichekesho. Akazitema zote mkononi.

"Yalaa! Zuhura, we u mzima kweli? Watembea mjini na jani hilo mkobani?"

"Ni kisamvu, Mama Nuru."

"Mimi najua ni kisamvu. Wewe wajua ni kisamvu. Hata paka wa mtaa huu wajua. Polisi je, alikula kisamvu lini?" Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. "Lafanana na bangi, mwanangu. Vidole vile vile. Na hapa kwa bangi hawakuulizi jina la nyanyako."

Hapo ndipo nilipokukosea, Rukia. Kupanda hakukuwa kosa. Kubeba jani ulikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Kosa ni hili nililolifanya jioni ile. Nilikuketisha kitandani, nikakushika mabega yote mawili, nikakuambia, "Usimwambie mtu. Hata mwalimu. Hata baba. Hata mama kwenye simu. Wakijua watatuchukua." Ukauliza, "Watatuchukua nani?" Nikasema, "Hao." Ukainua kidole ukaapa.

Baada ya hapo kila kengele ya mlango ilikuwa ni wao. Akija mleta gesi, ni wao. Akija mtoto wa jirani kuomba chumvi, ni wao. Niliifunika mihogo kwa mashuka mawili ili ndege za polisi zisiione, kama kwamba ndege za polisi hazina kazi nyingine, na mihogo ikakosa hata jua. Nilifikiria kuing'oa. Mara mbili nililishika shina nikaliacha. Nilimwona mawazoni mama yako mbele ya sahani, nikashindwa. Hofu yangu haikuwa na nguvu ya kung'oa, ilikuwa na nguvu ya kuficha tu.

Na wewe ulianza kukimbilia chooni kengele ikilia. Mama akipiga simu ulikuwa unasema, "Mzima, mzima, halas," unanirudishia simu. Zamani ulikuwa ukimsimulia mpaka paka aliyeonekana dirishani. Dukani ukawa unanyoosha kidole tu. Baba yako alipokuja mwisho wa wiki akauliza, "Huyu mtoto ana nini?" Nikasema ni joto. Akakupeleka hospitali, wakakupa dawa ya maji, ukainywa bila kusema neno. Niliisafisha ile chupa kila siku nikijua inatibu uongo wangu.

Sasa nisikilize hili la siki, maana ndilo zuri katika yote, na ni lako.

Ilikuwa siku ile ulipobaki na mkebe wa achari, vitunguu umemaliza, imebaki siki yake. Badala ya kuimwaga bombani ukapanda nayo juu, na kwa utundu ambao nilikuwa nimeanza kuusahau, ukaimwaga kwenye ndoo iliyokauka. Nikasikia unaniita kwa sauti kubwa, ya zamani.

"Mamdogo! Udongo unachemka!"

Nikapiga magoti karibu nawe. Kweli ulikuwa unachemka. Povu dogo dogo, jeupe, na sauti ya chini kama mtu anayekataza kelele msikitini. Tukaweka masikio. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa kemia akidondosha asidi kwenye kipande cha chokaa, na darasa zima tukisukumana kuona povu. Nilikuwa nyuma kabisa siku ile, lakini niliona.

Udongo wa hapa una chokaa, Rukia. Udongo wa Muheza ni mwekundu, mchachu, ndiyo maana majivu ya bibi yanaupoza. Huu wa hapa hauna uchachu wowote, umekwenda upande wa pili kabisa, na majivu ni ya upande huo huo. Kwa kila mfuko ulioleta kutoka kwa mchoma nyama niliuongezea udongo ugonjwa ule ule. Dawa ya bibi haikuwa mbaya. Ilikuwa dawa ya udongo mwingine. Nimelifikiria jambo hili sana. Mimi nilikuja huku na dawa za kwetu tu: kunyamaza, kuinamisha macho, kumficha mkubwa asikasirike. Kwetu zilinisaidia. Nilikumwagia hizo hizo.

Nikaanza kusoma kwenye simu, kidogo kidogo, kwa kamusi. Ile njano ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa imekifunga, mzizi unakigusa na haukipati. Na kuna jambo nililosoma likanikalisha chini. Mmea ukikosa mbolea ya kawaida, huanza kugeuka njano majani ya chini, yale mazee, kwa sababu mmea hukitoa chakula kwenye majani mazee ukayapelekea machanga. Lakini chuma hakihami. Jani zee lililokwisha kukipata linakaa nacho, linabaki kijani, linapendeza, na jani changa linageuka njano juu yake. Kwa hiyo ukitaka kujua mmea unaumwa nini, usitazame tu kama kuna njano. Tazama imeanzia wapi.

Mimi nilikuwa nakula. Nilikuwa nalala. Mama Nuru alisema nimenenepa. Aliyekonda ni wewe.

Tuliondoa ule udongo wa juu wenye majivu, unakumbuka, tukachanganya nyuzi za nazi na majani ya chai, nikawa natia siki kidogo sana kwenye ndoo ya maji ya kumwagilia, nikaacha kuimwagilia mihogo mara mbili kwa siku. Nikaondoa mashuka. Jani lililofuata likatoka na ukijani, si wote, lakini ulikuwepo. Uliligusa kwa kidole kimoja. Hukusema kitu. Bado tulihitaji unga wa salfa wa kuuchachusha udongo na dawa ya chuma, na vyote viko kwenye lile duka la Mmisri, na mimi sikuthubutu kurudi. Mmea ulikuwa umeanza kupona. Wewe ulikuwa bado.

Ndipo mama yako akapata ruhusa ya kukaa na mtoto mmoja kwenye makazi yao. Baba yako akasema, "Aende. Labda ni mama tu anamkosa." Nami nikasema ndiyo, labda.

Basi, jibu la kijiti ni hapana. Kijiti hakina majani, najua, kinafanana na kuni kama ulivyosema. Askari wa njiani hawatakitazama mara mbili. Lakini wewe utakuwa umekaa juu ya begi lako njia nzima kutoka hapa mpaka Riyadh, macho yamekutoka, na kila basi likisimama moyo wako utakuwa chooni. Na kikishachipua huko, utaanza tena kumficha mtu. Sitaki.

Kilicho motoni ni kisamvu. Asubuhi, ulipokwenda kuaga shule, nilipanda juu nikachuma majani yote, hata lile ulilogusa. Nimeyaponda kwenye kinu cha Mama Nuru mpaka mikono imepata malengelenge, na kitunguu saumu, nimeyachemsha kwa muda mrefu kama inavyotakiwa, maana kisamvu kibichi ni sumu, nimetia tui la kopo na karanga. Nikifunua sufuria sioni kidole hata kimoja. Ni kijani tu. Kisamvu kikishapondwa hakimtishi mtu yeyote. Nitakigandisha usiku, utakibeba kwenye chombo cha plastiki, na mtu akikuuliza mwambie ni mboga, mfungulie, anuse.

Nasikia funguo mlangoni. Ni baba yako. Nilipanga nimwandikie yeye pia barua, niiache juu ya friji. Lakini hiyo itakuwa ni kunong'ona tena. Ngoja.

Nimerudi. Kalamu inateleza kwa jasho, utanisamehe mwandiko.

Aliingia akasimama katikati ya ukumbi, pua juu. "Zuhura, nanusa nini? Au nimekwisha kufika Muheza?"

"Kisamvu, shemeji."

"Cha kopo?"

"Cha juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya paa."

Akacheka kwa nguvu. "Mmepanda muhogo Jeddah, nyinyi!" Nami nikaendelea kusema huku anacheka, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nilitazama zulia, lakini nilisema. Vijiti, jani, mkoba, Mmisri, mteja wa kanzu nyeupe. Kicheko kikapungua, kikaisha. Akaweka tiketi mezani taratibu.

"Huyo muuza miche alimuuliza mtoto?"

"Ndiyo."

"Na mtoto akamtajia mtaa?"

"Na duka la mikate."

Akakaa. Sijawahi kumwona baba yako akiogopa. Anaogopa kama mimi, Rukia, mikono inatafuta kitu cha kushika. "Unajua kwenye karatasi zako kafili ni nani?"

"Ni wewe."

"Wakija wanaanza na mimi. Wewe wanakurudisha, baada ya kukuuliza ile miaka ya wakala imetoka wapi. Na mimi ningesikia kwa nani? Kwa polisi?"

Akapanda juu, nikamfuata. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Akazitazama ndoo, mashina yamesimama uchi kama fimbo za vipofu.

"Umeyanyoa."

"Yote."

Akashika shina moja, akalitikisa kidogo, kama anamsalimia mtu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Kwa hiyo haikuwa joto."

"Haikuwa joto, shemeji."

"Nimempa mtoto dawa ya joto." Adhana ikaisha. Nilidhani atanigombeza, nami ningefurahi kugombezwa. Akasema, "Mashina yaache. Yakichipua, niite mimi kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote. Nitatafuta turubai tuzungushie, na nitauliza kazini kwa watu wanaojua kama hiki kitu kina ruhusa. Wakisema hapana, ni hapana. Lakini niite mimi."

Nikapata ujasiri wa mwisho, nikauliza kama sasa, kwa kuwa amejua, ungeweza kubaki. Nakuandikia hili ili ujue kwamba niliuliza. Akatikisa kichwa. "Mama yake amekwisha kutandika kitanda, Zuhura." Basi. Nilifikiri ukweli ukisemwa utarudishiwa ulichokuwa unapoteza. Haukunirudishia. Lakini uliniacha nikapumua.

Baba anakusubiri akuambie mwenyewe kwamba anajua. Kile kiapo cha kidole nakufungulia. Mwambie mama kila kitu, ukiwa basini umwandalie maneno, au mwambie mnapokula, mdomo umejaa. Mwambie kwenye soko la Dirah, huko huko Riyadh, mbele ya watu ukitaka. Ni kisamvu. Kwa Kiswahili kina jina, na hakina aibu.

Kwa kuwa hutakuwepo, mimi nitahamia kwa Mama Nuru, nimsaidie kushona mpaka tujue karatasi zangu zitakwenda wapi. Bado naogopa. Kengele ikilia nitashtuka, sitakudanganya kwamba jambo moja lililosemwa jioni linaniponya. Jumamosi baba yako akirudi nimemwomba anipeleke kwa Mmisri. Yeye atakaa garini. Nitaingia mwenyewe, nitaomba dawa ya chuma, nami nitamwambia asante kwa kulificha lile jani. Nimeanza kuyafanyia mazoezi yale maneno hapa jikoni, na ulimi unanigomea.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ndani ya soksi, nimetia kichupa cha siki. Mama yako anasema wana kibaraza kidogo chenye jua. Kabla hujapanda kitu chochote, hata mnanaa, chukua udongo mkavu kiganjani, mwagia siki kidogo, uweke sikioni. Usimwage majivu kwa sababu mimi nilimwaga. Usinyamaze kwa sababu mimi nilinyamaza. Sikiliza udongo wa hapo ulipo.

Ukisikia unachemka, nipigie simu. Hutakuwepo wa kunipokelea, kwa hiyo nitapokea mwenyewe, na kabla hujasema neno, nitaanza kusema mimi.

Mama yako mdogo,
Zuhura